Gazeti Lililoshinda Kesi Likapoteza Wasomaji

Mimi ni kijana wa Buganguzi, Muleba. Kidato cha nne nilimaliza mwaka 2019, sikuendelea, na sasa napigana na riwaya yangu ya kwanza kwenye madaftari. Safari hii naomba niiweke kando kidogo nisimulie habari za MwanaHALISI, maana ndilo gazeti lililonitia ugonjwa huu wa kuandika.

Baba mdogo alikuwa na duka. Magazeti ya Dar es Salaam yalifika kwetu yamechelewa, lakini hilo hakuna aliyelijali. Nakala moja ya MwanaHALISI ilisomwa na kijiji kizima. Mimi, mtoto wa shule ya msingi mwenye sauti kali, nilisimamishwa juu ya kreti ya soda niwasomee wazee ambao macho yao yamechoka. Nikikosea neno, wee! Naambiwa nirudie. Pale ndipo nilipojua kwamba sentensi inaweza kuwanyamazisha watu wazima.

Gazeti lenyewe lilianza mwaka 2006, mwenyewe akiwa Saed Kubenea. Lilikuwa la wiki, na lilichimba mambo ambayo wengine waliyazunguka. Kumbuka ule ulikuwa wakati wa Richmond, na wakati wa EPA, ambapo shilingi zaidi ya bilioni 133 zilichotwa Benki Kuu. Watu walitaka majina, na MwanaHALISI liliandika majina.

Malipo yake yalikuja haraka. Usiku wa tarehe 5 Januari 2008 watu walivamia ofisi ya gazeti Kinondoni, wakammwagia Kubenea kemikali usoni, hata ikabidi apelekwe India kutibiwa macho. Aliyekuwa naye, Ndimara Tegambwage, alikatwa kwa panga. Jina hilo ni la Kihaya, nasi huku tulilitamka kama la ndugu. Tena Ndimara ni mtunzi wa riwaya, ndiye aliyeandika Duka la Kaya. Basi wewe unayedhani mtunzi wa hadithi ana ulimwengu wake wa amani, fikiria tena.

Gazeti halikufa kwa panga wala kwa kemikali. Lilidhoofishwa na karatasi. Oktoba 2008 lilifungiwa miezi mitatu. Tarehe 30 Julai 2012, baada ya kuandika juu ya kutekwa kwa Dk. Steven Ulimboka, kiongozi wa madaktari waliogoma, likafungiwa kwa muda usiojulikana. Sheria iliyotumika ilikuwa ile ya Magazeti ya mwaka 1976. Siku habari hiyo ilipofika dukani, baba mdogo alilichukua toleo la mwisho, akalikunja, akaliweka chini ya mzani. Hakuna aliyeruhusiwa kulifungia sukari.

Kubenea alikwenda mahakamani, na Septemba 2015 Mahakama Kuu ikasema kifungo kile hakikuwa halali. Alishinda. Lakini hebu piga hesabu: miaka mitatu! Baadhi ya wazee niliokuwa nawasomea walikuwa wameshazikwa. Na mwaka huohuo Kubenea akachaguliwa kuwa mbunge wa Ubungo kwa tiketi ya CHADEMA. Hapa lazima niseme ukweli hata kama nalipenda gazeti: mwenye gazeti akishakuwa mbunge wa chama, msomaji ana haki ya kujiuliza habari anayoisoma ni ya nani. Swali hilo lilijadiliwa sana dukani kwetu, na jibu moja halikupatikana.

Septemba 2017 likafungiwa tena, safari hii miezi 24. Julai 2018 mahakama ikatengua. Akashinda tena! Ila sheria mpya ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilidai leseni, na leseni haikutoka. Ushindi ukabaki kwenye jalada.

Lilikobaki ni kwenye intaneti. MwanaHALISI Online iliendelea, nasi tukaisoma kwenye simu ya baba mdogo, kioo chake kimepasuka. Lakini mambo yalikuwa tofauti, bwana. Gazeti la karatasi lilisomwa na watu ishirini wakibishana. Simu inasomwa na mmoja, wengine wanauliza, "Inasemaje?" naye anajibu kwa kifupi, kisha anaogopa bando kuisha.

Na huko nako mlango ukawekwa komeo. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilitaka leseni, na ada zake kwa jumla zilizidi shilingi milioni mbili. Aliyekiuka alikabiliwa na faini isiyopungua milioni tano, au jela isiyopungua miezi 12, au vyote viwili. Mwaka huo mimi na wenzangu wawili tulikuwa na gazeti la ukutani shuleni, tukawa na ndoto ya kulipeleka kwenye intaneti: habari za Muleba, bei ya kahawa, barabara, mashairi. Mwenzetu mmoja akapiga hesabu ya kahawa ya kwao, misimu mingapi ingetosha kulipia leseni. Alipomaliza alicheka, akaifuta ile hesabu kwa kiganja. Gazeti letu likaishia hapo, bila hata kufungiwa na mtu.

Tarehe 10 Februari 2022 serikali ilirudisha leseni za MwanaHALISI, Mawio, Mseto na Tanzania Daima. Nilikimbia kumwambia baba mdogo. Akauliza, "Nani ataleta?" Wakala aliyetuletea magazeti alikuwa ameshahamia kwenye biashara ya senene na vocha. Vijana walioshika kreti yangu wanatazama mpira. Hadi leo sijaona nakala mpya ya gazeti lile hapa Buganguzi.

Ndiyo maana, wenzangu mnaojifunza kuandika, nasema tusidanganyike na neno "ameshinda kesi". Gazeti ni kama ndizi mbivu. Ukilizuia sokoni mpaka hakimu aamue, utarudishiwa maganda. Kinachokufa kwanza ni ile desturi ya watu kusomeana, na hiyo hakuna mahakama inayoweza kuirudisha.

Toleo la mwisho la 2012 bado liko chini ya mzani. Juzi nilimwomba baba mdogo anipe. Akasema, "Andika lako kwanza, ulete tubadilishane." Nimeanza na hili.