Kitenzi "Prorogue" na Suala la Mamlaka ya Kusitisha Bunge

Makala haya yanachunguza asili na matumizi ya kitenzi cha Kiingereza prorogue. Hoja kuu ni kuwa tafsiri yake ya "kuahirisha" inaficha jambo la msingi: nani mwenye mamlaka ya kusitisha Bunge.

Kitenzi hiki kinatokana na neno la Kilatini prorogare, ambalo mzizi wake, rogare, una maana ya kuuliza au kuomba. Huko Roma ya kale, wananchi waliulizwa rasmi kabla ya kurefusha mamlaka ya kiongozi. Mwaka 326 K.K., kwa mfano, konsuli Quintus Publilius Philo aliongezewa mamlaka ya kijeshi ili akamilishe vita vya Neapolis.

Neno hili liliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa katika karne ya 15. Maana ya kurefusha muda ilizaa maana ya kusogeza mbele, na hatimaye ya kufunga mkutano wa Bunge bila kulivunja. Hivyo, neno lililohusu idhini ya wananchi likawa jina la uwezo wa mfalme juu ya wawakilishi wao. Uwezo huo ulipingwa. Sheria ya mwaka 1641, wakati wa Charles I, ilikataza Bunge lililokuwepo kufungwa, kuahirishwa au kuvunjwa bila ridhaa yake lenyewe. Tarehe 24 Septemba 2019, majaji 11 wa Mahakama ya Juu ya Uingereza waliamua kwa kauli moja kuwa hatua ya kulisitisha Bunge kwa majuma matano, kwa ushauri wa Waziri Mkuu Boris Johnson, ilikuwa batili.

Mamlaka hayo yalifika pia Afrika Mashariki. Kifungu cha 59 cha Katiba ya Kenya iliyotumika kabla ya 2010 kilimruhusu Rais kulisitisha Bunge wakati wowote. Katiba ya 2010 haikumpa uwezo huo.

Nchini Tanzania, "kuahirisha Bunge" hutanguliwa na hoja inayotolewa na Waziri Mkuu ndani ya ukumbi, mbele ya wabunge. Kutumia istilahi hiyo hiyo kwa amri inayotoka nje ya Bunge kunafuta tofauti hiyo. Kwa msingi huo, makala haya yanapendekeza "kusitisha mkutano wa Bunge kwa amri", ili msomaji wa Kiswahili aone amri ilipo.