Mapacha Waliofichua Siri ya Magoti ya Bimkubwa

Bimkubwa akilalamika goti, mtaani wanamaliza fasta: "Uzee huo." Kumbe stori ni ndefu, mtu wangu!

Mwaka 1996 watafiti wa London walitoa matokeo ya wanawake mapacha wa miaka 48 hadi 70, waliopigwa picha za eksirei za magoti na mikono. Wale wa kufanana kabisa walilingana zaidi hata kwenye kusagika kwa viungo kuliko mapacha wasiofanana. Hesabu ikaonyesha kurithi kunachangia asilimia 39 hadi 65.

Mwaka 2007 watafiti wa Japani wakaitaja jeni moja inayohusika, GDF5.

Ila jeni siyo hukumu. Unene na majeraha ya mpirani navyo vinasaga goti. Hivyo unavipunguza mwenyewe, mapema.