Kiunga Kilichopotea: Bustani ya Nyumbani na Sheria za Miji Yetu

Mwaka nilipokamilisha nyumba yangu pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, nilifanya jambo ambalo watumishi wengi wa umma wa rika langu hulifanya. Nilimwita fundi akatandaza vitofali vya zege kuanzia getini hadi ukuta wa nyuma. Vumbi likaisha, tope likaisha, nikajiona nimefika. Mama yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alipokuja kuiona nyumba, nilimwamkia, akaitikia, kisha akazunguka uani kimya kimya. Aliporudi barazani aliniuliza swali moja tu: "Baba, hapa mtu akitaka mchicha anauchuma wapi?"

Nilimjibu kwamba genge lipo mtaa wa pili. Akacheka, akaomba maji ya kunywa. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua kilichomo ndani ya swali lile. Mtu aliyeniuliza ndiye aliyenisomesha kwa mafungu ya mchicha. Katika makala hii ninajaribu kumjibu kwa njia ninayoijua, yaani historia.

Nianze na neno. Leo tunaposema "viunga vya jiji" tunamaanisha Mbagala, Kimara, Chanika na kwingineko ambako mji unaishia. Lakini ukifungua kamusi za zamani za Kiswahili utakuta kiunga kina maana mbili zilizoshikamana: pembezoni mwa mji, na bustani ya miti ya matunda. Kwa wahenga wetu wa mwambao, mji ulipoishia ndipo miembe, mindimu na michungwa ilipoanzia, na jambo hilo lilikuwa la kawaida kiasi kwamba neno moja lilitosha kwa yote mawili. Lugha imehifadhi ramani ambayo wapimaji ardhi wetu hawanayo.

Ushahidi mwingine ni wa zamani zaidi. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba watu wa kisiwa kile hawakulima nafaka, bali waliletewa kutoka mwambao. Hata hivyo alikuta migomba, milimau na miti mingine ya jamii ya michungwa, pamoja na tunda aliloliita jamuni, lenye umbo kama zeituni na utamu mwingi, ambalo wengi hulitambua kuwa zambarau. Tazama mgawanyo huo. Nafaka ilikuja kwa jahazi. Matunda yalikuwa karibu na mlango. Mji wa Waswahili haukuwa kinyume cha bustani. Baadaye ukapokea mpapai, mpera na mstafeli kutoka Amerika, ukaipa majina na kuikalisha uani kama jamaa.

Huko bara nako bustani ya nyumbani haikuwa jambo la pembeni. Kihamba cha Wachaga katika miteremko ya Kilimanjaro, chenye miti mirefu juu, migomba katikati, kahawa chini yake na mboga ardhini, kikinyweshwa kwa mifereji ya mkono, kimeishi kwa karne nyingi. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa kidunia.

Ni lini, basi, tulianza kuamini kwamba mtu wa mjini hapaswi kulima?

Jibu linaanzia katika ramani ya mkoloni. Wajerumani walianza kuigawa Dar es Salaam kwa kanuni za ujenzi tangu mwaka 1891, na Waingereza wakaukamilisha mgawanyo huo: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, huku Mnazi Mmoja ikiachwa wazi kama mpaka kati ya Kariakoo na mji wa Wahindi. Uzunguni kulikuwa na ua mpana, nyasi na maua. Uswahilini kulikuwa na nyumba ya vyumba sita na kipande cha uani kilichogombewa na jiko, choo, kamba ya nguo na wapangaji wote. Aliyekuwa na ardhi ya kutosha kulima alipanda maua. Aliyehitaji kulima hakupewa ardhi. Nyuma ya mpango huo kulikuwa na wazo kwamba Mwafrika ni mgeni mjini. Amekuja kufanya kazi, na kazi ikiisha arudi kijijini, ambako ndiko penye shamba lake.

Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wangu hushangaa wanapolisikia. Taifa lilelile lililotutawala lilikuwa limewapa wafanyakazi wake nyumbani haki ya kulima mjini. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1908 iliyahusu mashamba madogo na vipande vya bustani, na iliziwajibisha halmashauri kuwatafutia wananchi vipande hivyo pale mahitaji yalipoonekana. Wakazi sita tu waliosajiliwa kupiga kura au kulipa kodi walitosha kupeleka ombi, na halmashauri ikalazimika kulizingatia. Sheria ya mwaka 1925 ikaongeza kinga: ardhi iliyotengwa kwa ajili hiyo isiuzwe wala kubadilishiwa matumizi bila ridhaa ya waziri. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, bustani hizo zikawa sehemu ya kampeni ya kulisha taifa. Kwa hiyo dola hiyohiyo iliweza kumwona mfanyakazi wa Birmingham mwenye kabichi zake kuwa raia mwema, na mfanyakazi wa Ilala mwenye mahindi yake kuwa mshamba aliyepotea njia.

Uhuru ulipaswa kuivunja ramani hiyo. Haukuivunja, uliirithi, kisha ukaongeza utata wake. Tamko la Iringa la mwaka 1972, Siasa ni Kilimo, liliwahusu zaidi watu wa vijijini. Lakini ukame wa 1973 na 1974 ulipoilazimisha Serikali kuagiza nafaka nyingi kutoka nje na kumaliza akiba ya fedha za kigeni, ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Watu wa mjini nao wakaambiwa walime: ofisi, viwanda, shule, na kila mwenye kipande cha ardhi wazi. Jembe likawa uzalendo. Miaka michache baadaye, mwaka 1983, ikatungwa sheria ya Nguvu Kazi, na wasio na ajira rasmi wakakamatwa mitaani na kupelekwa vijijini wakalime. Katika muda usiofika miaka kumi mwananchi wa mjini aliambiwa kwamba kulima alipo ni wajibu, kisha akaambiwa kwamba mahali pa kulima si mjini.

Mimi nilizaliwa katikati ya utata huo. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika, na sukari na sabuni zilipatikana kwa foleni. Ugali ulikuwa wa njano, wa mahindi ya msaada, ambao watu wa mjini waliubatiza jina la Yanga. Mshahara wa mwalimu ulikuwapo, lakini thamani yake iliyeyuka. Tuliishi katika nyumba ya watumishi katika mji mmoja wa mwambao, na nyuma ya nyumba hiyo mama alikuwa na kitu ambacho hakukiita kilimo. Alikiita "vitu vyangu vya uani."

Vitu hivyo vilikuwa na kalenda kamili. Mvua za vuli zilipoanza Oktoba, alimwaga mbegu za mchicha na kunde. Baada ya wiki tatu au nne tulikula mchicha wetu. Januari na Februari, jua lilipokuwa kali, maembe dodo na bolibo yalitutosha, na maji ya bafuni yalielekezwa kwenye mpapai na migomba. Masika haikuwa msimu wa mchicha, kwa sababu mvua kubwa huupigapiga na nyanya huoza kwa ukungu. Hapo tuliegemea matembele ya kwenye matuta, mlenda uliojiotea, na kisamvu cha mpira ambacho hakijali msimu. Kipupwe kilipoingia, mwezi Juni, ndipo alipopanda nyanya, biringanya na figiri, tukamwagilia kwa ndoo jioni na kunyunyiza majivu kuwafukuza vidukari. Michungwa nayo ilikuwa inaiva. Kwenye ukingo kulikuwa na mchaichai kwa ajili ya chai isiyo na maziwa, mrehani kwa ajili ya harufu, na kivumbasi cha kufukuzia mbu. Hakuna mwezi uliopita uani pakiwa patupu.

Sehemu tuliila. Sehemu niliibeba kwenye beseni kabla ya kwenda shule, mafungu kwa mafungu, nikapita nayo nyumba za jirani. Madaftari yangu yalitoka humo.

Siku moja, nikiwa darasa la tatu, askari wa mgambo walipita mtaani wakiwa na mapanga na kufyeka mahindi yote yaliyokuwa yamefika kiunoni, kwa maelezo kwamba mimea mirefu huficha wezi na kuzalisha mbu. Mama hakubishana. Alikusanya mabua, akayalaza kwenye matuta ya matembele kama matandazo. Miaka mingi baadaye, nikisoma juu ya utawala wa miji ya Kiafrika, nikakuta kwamba hoja ya mbu ilitumika sana enzi za ukoloni kukataza mahindi mijini. Mgambo wale walikuwa watoto wa nchi huru. Amri waliyoitekeleza ilikuwa na umri mkubwa kuliko wao.

Mwaka 1992 Serikali ilitoa Kanuni za Kilimo cha Mjini chini ya sheria ya mipango miji ya wakati ule. Ilikuwa hatua ya kweli, kwani kilimo kilitambuliwa kuwa matumizi halali ya ardhi ya mjini. Kanuni hizo ziliweka kikomo: mtu asitumie zaidi ya ekari 3. Naomba watumishi wa umma mnaonisoma mlitazame neno kikomo kwa makini. Sheria ya Uingereza ya 1908 iliuliza halmashauri inawiwa nini na mwananchi asiye na ardhi. Kanuni yetu iliuliza mwananchi mwenye ardhi asivuke wapi. Moja iliweka sakafu, nyingine iliweka dari. Mpangaji wa chumba kimoja Manzese hana haja ya kuonywa asivuke ekari 3.

Matokeo yake tunayaona. Asiye na ua hulima alipopata: bondeni, kando ya reli, chini ya nyaya za umeme. Mchicha mwingi wa jiji umelimwa kwa miaka mingi katika bonde la Msimbazi, mto unaopokea maji machafu ya viwanda na makazi, na tafiti kadhaa zimekuta madini mazito katika udongo na mboga za huko. Tunamlaumu mkulima. Hatumuulizi aliyepanga mji kwa nini kipande pekee kilichobaki kwa mkulima huyo ni kile kilichochafuliwa.

Hata hivyo sitaki kuipamba bustani kuliko inavyostahili. Tukiisifu bila kuhesabu gharama zake, tutasahau kwamba mama aliamka saa kumi na moja alfajiri kumwagilia kabla ya kwenda kufundisha, na kwamba jasho hilo halikuandikwa katika bajeti yoyote. Tunazoea kusema kwamba miaka ya themanini Serikali ilizihudumia familia zetu kwa ruzuku. Nadhani ukweli wa upande wa pili hausemwi vya kutosha: familia, na hasa wanawake, waliipa Serikali ruzuku. Mwalimu aliyelipwa mshahara usiotosha aliendelea kufika darasani kwa sababu uani kwake kulikuwa na matembele. Hiyo ndiyo sababu bustani haiwezi kuwa kisingizio cha kutolipa mshahara halali. Na ndiyo sababu pia si haki kuiondoa mikononi mwa wale walioibeba nchi kwa kuitegemea.

Kinachohitajika hakipiti uwezo wetu. Ramani za viwanja vipya hutenga eneo la shule, zahanati, soko na ibada. Zitenge pia eneo la bustani za pamoja, lenye maji, na eneo hilo lilindwe lisiuzwe kila mwenyekiti au mkurugenzi anapobadilika. Maji na udongo wa mabonde vipimwe, na majibu yatolewe kwa Kiswahili kwa wale wanaolima na wanaokula. Sheria ndogo za miji zisomwe upya, na kila katazo liulizwe umri wake na sababu yake.

Nami sina haki ya kuyadai haya huku nimekanyaga zege. Januari iliyopita nilimwita fundi yuleyule akang'oa safu nne za vitofali upande wa jikoni. Alinitazama kama mtu aliyepoteza fedha, na ni kweli nilizipoteza. Udongo uliokuwa chini ulikuwa mgumu, mweupe, usio na mnyoo hata mmoja. Mama aliupekecha vidoleni, akasema utachukua misimu miwili kurudi katika hali yake, tena tukiulisha samadi na majani. Matembele aliyopanda kabla ya masika yameshika. Mchicha bado.