Ndugu wa Gahini na benchi la nyuma

Yosiya Kinuka alikuwa na kesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa mkuu wa wasaidizi katika hospitali ya misheni pale Gahini, mashariki mwa Rwanda, juu ya Ziwa Muhazi. Kesi yake ilikuwa juu ya Blasio Kigozi, mwalimu kijana kutoka Buganda, aliyekuwa anasumbua watu ati waokoke. Hospitali yenyewe ilikuwa haiendi vizuri, na kila mtu alijua wa kulaumu, yaani mwenzake. Kinuka akaenda mpaka Kampala kwa kaka yake Blasio, Simeoni Nsibambi. Nsibambi akamsikiliza. Kisha akamwambia kwamba ubaya wa hospitali ile usitafutwe kwa wengine, uko ndani ya moyo wake Kinuka mwenyewe.

Hebu fikiri. Umesafiri siku nyingi kushtaki, unarudi na mashtaka yako mgongoni. Njiani akirudi Kinuka akavunjika moyo, akatubu. Alipofika, alianza na yale aliyoyatenda yeye.

Habari hii ninaipenda kuliko habari zote za Uamsho, ule tulioukuta kwa wazazi wetu pande zote za Maziwa Makuu. Wengi hapa Nyarugusu tunaimba nyimbo zake bila kujua zilitoka wapi. Zilitoka kwenye uchovu. Daktari Mwingereza wa Gahini, Joe Church, alikuwa amepita katika njaa kubwa ya 1928 na 1929 iliyoua watu wengi Rwanda, na alikuwa amekwisha kabisa. Mwaka 1929 akaenda Kampala kupumzika, akakutana na Nsibambi kwenye kilima cha Namirembe. Mzungu msomi na Mganda wakakaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba, kila mmoja akikiri kwamba anapungukiwa. Leo unaweza kuona ni jambo dogo. Wakati ule wa wakoloni halikuwa dogo hata kidogo. Na mambo yaliyofuata yalizidi: wamisionari wakasimama mbele ya Waafrika na kuomba radhi kwa kiburi chao na kwa hasira walizowaonyesha. Kuna wazungu wenzao waliochukizwa sana na hilo.

Ndugu, kama walivyoitana (kwa Luganda waliitwa Balokole, yaani waliookoka), walikuwa na utaratibu mmoja ambao kwangu ndio kiini. Katika kikao chao unashuhudia dhambi zako, si za jirani. Uliiba sabuni ya hospitali, unairudisha. Ulimchukia mkubwa wako wa kazi, unaenda kumwambia. Festo Kivengere, aliyeokoka huko Kigezi mwaka 1941 na baadaye akawa askofu, alisimulia kwamba alipanda baiskeli maili 50 kwenda kumwomba msamaha mzungu mmoja aliyekuwa anamchukia. Maili 50, barabara za milima ya Kigezi! Mtu akikuambia toba ni maneno ya mdomo tu, mwambie habari ya ile baiskeli.

Blasio hakuuona Uamsho ukikua. Alifariki Januari 1936, kijana bado. Lakini moto ulitoka nje: Burundi, Kenya, na Katoke upande huu wa Kagera. Kati ya waliopeleka Injili Matana, kusini mwa Burundi, katika miaka hiyo ya 1930 alikuwamo Kosiya Shalita. Huyu alikuwa mtoto wa Rwanda aliyekulia Uganda kwa sababu wazazi wake walikimbia. Mtoto wa wakimbizi, kumbe. Baadaye naye akawa askofu.

Sasa nije kwenye upande usiopendeza. Mwaka 1941, chuo cha wachungaji cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwa kati yao. Walikuwa wanaamka usiku wa manane kuomba na kuhubiri, wakisema wazi kwamba chuo kina dhambi na viongozi wanainyamazia. Wakaamriwa waache, wakakataa. Vitabu vya ndugu huwasifu, na ujasiri wao sina neno nao. Lakini kipimo kilianza kubadilika mkono. Kinuka alijipima mwenyewe, wale wa Mukono walimpima mkuu wa chuo. Baada ya hapo kila kizazi kilitafuta wa kumpima. Katika miaka ya 1970 huko Uganda likatokea kundi la Abazukufu, waliosema ndugu wenyewe wamelala, na mtu aliyechukua mkopo alihesabiwa kuwa ameanguka. Fikiria mkulima anayekopa ada ya mtoto wa shule.

Na sisi je? Katika makanisa mengi ya udongo na turubai hapa kambini kuna benchi la nyuma. Binti aliyepata mimba anakaa pale, hapewi meza ya Bwana, haimbi kwaya, miezi mingi. Mwanamume mwenyewe mara nyingi yuko mbele, na pengine anapiga gitaa. Mama anayepika pombe ya mahindi kwa sababu mgao haufiki mwisho wa mwezi, yeye pia ni wa nyuma. Wanaosema hiyo ni adabu ya kanisa na waliirithi kwa Uamsho, wanasema kweli nusu. Waliirithi kwa Uamsho uliokwisha choka. Wasomaji wetu Waislamu watanisamehe kwa habari hizi za makanisa, ingawa nadhani benchi hilo wanalijua kwa jina lingine.

Kuna swali zito zaidi. Rwanda ndiko Uamsho ulikozaliwa, na Rwanda ndiko yalikotokea ya 1994, mengine ndani ya makanisa. Nadhani jibu moja ni hili: ndugu walijifunza kukiri pombe, wizi na uzinzi, lakini chuki ya kabila wengi hawakuiweka kwenye orodha. Si wote. Mchungaji Yona Kanamuzeyi, mtu wa Uamsho, aliwatunza Watutsi waliofukuzwa makwao na kutupwa Nyamata. Januari 1964 askari walimchukua usiku, wakamuua.

Narudi kwa Kivengere. Februari 1977 askofu mkuu Janani Luwum aliuawa na serikali ya Idi Amin, na Kivengere na mkewe Mera wakavuka milima kwa miguu usiku kuingia Rwanda. Tayari mkimbizi. Alikiri kwamba chuki dhidi ya Amin ilikuwa inamla, mpaka Ijumaa Kuu ya mwaka ule, akiwa ibadani London, alipoona hawezi kuendelea nayo. Akaandika kitabu kusema anampenda Amin. Watu wakamshangaa. Lakini hakuacha kutangaza maovu ya utawala ule kila alikokwenda, na hapo ndipo wengi wetu tunakosea: tunadhani kutohukumu ni kunyamaza. Yeye aliyataja mauaji kwa jina lake, akakataa tu kumfanya yule mtu kuwa shetani.

Amin akaanguka mwaka 1979, Kivengere akarudi kwake Kigezi. Mwaka uliofuata askari wa serikali mpya waliingia West Nile, alikotoka Amin, wakalipiza kisasi kwa vijiji vizima. Watu kwa maelfu wakakimbilia Sudan na kwetu Zaire, pande za Aru. Waliitwa watu wa Amin. Wengi wao walikuwa wakulima wa muhogo, na wengine walikuwa watoto wa kubebwa mgongoni.