Bima ya Maisha na Mwenye Ugonjwa wa Sukari



Mfikirie mtu mmoja wa Bagamoyo. Ana miaka 45, ana duka dogo, mke na watoto wanne. Siku moja anapewa fomu ya bima ya maisha aijaze. Jina anaandika, umri anaandika. Kisha anafika kwenye swali: je, una ugonjwa wa sukari, shinikizo la damu, moyo au figo? Hapo kalamu inasimama, kwani mwaka wa sita sasa anameza vidonge vya sukari. Akiandika "ndiyo", anaogopa kukataliwa. Akiandika "hapana", nani atajua?

Wewe ungemshauri nini? Kabla hujajibu, tuitazame tarikhi ya jambo hili, kwani humo mna jibu.

Mji wetu unajua vizuri maana ya mtu kuondoka asirudi. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu ilikuwa ikianzia na kuishia Bagamoyo. Maelfu ya wapagazi walipita njia ya Tabora na Ujiji, na wengi waliachwa njiani kwa ndui, kuhara na njaa. Tajiri wa Unguja alijua namna ya kuilinda mali yake, kwa kuandikiana deni na kutoza faida kubwa kwa sababu ya hatari. Lakini mjane wa mpagazi alikuwa na nini? Alikuwa na ukoo wake, jirani zake, na watu wa msikiti wake. Hiyo ndiyo iliyokuwa bima ya pwani: mchango wa maziko, yatima kuchukuliwa na ami au mjomba, na wakfu wa shamba au nyumba kwa ajili ya wasiojiweza.

Bima ya maandishi ilizaliwa kwingine, na ilizaliwa kwa kuhesabu. Mwaka 1693 mtaalamu wa nyota Edmond Halley wa Uingereza alichukua daftari za mazishi za mji wa Breslau, akapanga jedwali la kuonyesha watu wa kila umri wanakufa kwa kadiri gani. Mwaka 1744 makasisi wa Scotland walianzisha mfuko wa wajane na mayatima wao, wakitumia hesabu za namna hiyo. Mwaka 1762 likaanza London shirika lililotoza ada kwa kufuata umri wa mtu. Ajali ya mtu mmoja hakuna aijuaye ila Mwenyezi Mungu. Bali ukiwatazama watu elfu kumi kwa pamoja, unaweza kukisia ni wangapi watakaofariki katika mwaka, na kila mmoja achangie kiasi gani ili wajane wao wasitaabike.

Sasa angalia jinsi mgonjwa alivyofungiwa mlango. Hesabu ile ilijengwa juu ya watu wazima wa afya. Mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari wa bima huko Marekani walikuwa wakiwapima mkojo wanaoomba bima, na aliyeonekana na sukari alirudishwa nyumbani. Haikuwa chuki. Zama hizo mtoto aliyeshikwa na kisukari kikali alikuwa akikonda na kufa kwa muda mfupi, na tabibu hana la kumfanyia ila kumpunguzia chakula.

Mambo yaligeuka mwezi Januari mwaka 1922. Katika mji wa Toronto, Kanada, kijana Leonard Thompson wa miaka 14 alidungwa sindano ya insulini, dawa iliyokuwa imegunduliwa mwaka uliotangulia. Aliyekuwa akingojewa kufa akaishi miaka mingine. Lakini dawa peke yake haikuufungua mlango wa bima. Ilibidi pawe na ushahidi. Daktari Elliott Joslin wa Boston alikuwa ameweka daftari la wagonjwa wake tangu miaka ya 1890. Wataalamu wa hesabu wa shirika la bima la Metropolitan Life wakafanya kazi pamoja naye: nani yu hai, nani amekufa, na kwa sababu gani. Ndipo ilipodhihirika kwamba wagonjwa wa sukari hawafanani. Yuko anayejitunza akaishi miaka mingi, na yuko anayejiachia akapofuka au akaharibikiwa na figo. Kidogo kidogo mashirika yakaanza kuwapokea, kwa nyongeza ya ada. Mlango ulifunguliwa na wagonjwa waliokubali kuhesabiwa.

Na kwetu je? Hospitali ya kale ya Dar es Salaam, iliyoitangulia Muhimbili, ilikuwa na jina la Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897. Alipata utajiri wake kwa kuipatia misafara vifaa na wapagazi, na akatoa mali kwa ajili ya wagonjwa. Baina ya mwaka 1981 na 1987, madaktari wa Muhimbili waliwaandika wagonjwa wapya 1,250 wa kisukari na kufuatilia maisha yao. Walikuta kuwa 272 kati yao walihitaji insulini. Walikuta pia kwamba wengi wa wagonjwa wote hao walikuwa hai baada ya miaka mitano. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1990. Basi asikwambie mtu kwamba sukari ni hukumu ya kifo.

Ama bima yenyewe, Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 kazi yote ya bima Tanzania Bara ikawa mikononi mwake. Sheria ya mwaka 1996 ikayafungulia njia mashirika mengine.

Huenda ukauliza: na dini inasemaje? Maulamaa wamelijadili jambo hili kwa muda mrefu. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, alizungumzia bima ya bidhaa za baharini na hakuihalalisha. Karne iliyofuata wengine, kama Sheikh Mustafa al-Zarqa, waliona inafaa. Mwaka 1985 Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Jeddah liliamua kwamba bima ya biashara ya ada maalumu haifai kwa sababu ya gharari iliyomo, na kwamba badala yake ni bima ya kusaidiana, ambayo watu huchangia kwa nia ya kutoa. Sudan ilikuwa imekwisha kuanzisha shirika la namna hiyo mwaka 1979. Hiyo ndiyo takaful, nayo sasa imeingia nchini mwetu. Muulize sheikh unayemwamini, uchague kwa elimu.

Lakini jua kwamba hata takaful itakuuliza habari za afya yako. Na hapa tunamrudia mtu wetu na kalamu yake.

Mwaka 1766 jaji Mansfield wa London aliamua kesi ya bima ya ngome moja ya Waingereza huko Sumatra, katika bahari yetu hii ya Hindi, iliyotekwa na Wafaransa. Humo aliweka msingi unaofuatwa mpaka leo: anayeomba bima anajua mambo asiyoyajua mwenzake, basi ayaseme, na akificha jambo kubwa mkataba huvunjika. Sisi tulikuwa na msingi huo zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Bwana Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka, akakuta chini ni mbichi, imelowa. Akamkemea mwenye mali kwa kuuficha unyevu chini ya nafaka kavu, na akajitenga na anayedanganya.

Basi nani atajua? Watajua siku ya kudai. Kadi ya kliniki itatolewa, daftari la hospitali litafunuliwa, na mjane aliyefuata ada mwaka hadi mwaka ataambiwa hana haki. Aliyedanganya yumo kaburini, wanaoadhibiwa ni watoto.

Kwa hiyo, ndugu yangu, andika "ndiyo". Taja mwaka ulipoambiwa, dawa unazotumia, na kama macho, figo au presha vimeguswa. Peleka vipimo vyako, hasa kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu. Jibu litakuwa moja katika manne: utakubaliwa, utaongezewa ada, utaambiwa ungoje, au utakataliwa. Ukikataliwa, jaribu kwingine, kwani mashirika hayapimi kwa mizani moja. Uliza pia juu ya bima ya pamoja ya kazini au ya chama cha ushirika, ambayo mara nyingi haimchunguzi kila mtu mmoja mmoja kwa kiasi kidogo cha fedha. Nasi wa mitaani, tusiuache mchango wa maziko wala wakfu, kwani yuko ambaye fomu zote zitamkataa. Huyo ni wetu.

Mtume (s.a.w.) alimweleza Saad bin Abi Waqqas kwamba kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu. Kuwaachia watoto kitu ni wajibu mwema. Kuwaachia karatasi yenye uongo ni kuwaachia deni.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na atujaalie kusema kweli hata pale kalamu inapotaka kusimama. Amin.