Mfereji Unaoonekana Kutoka Angani

Wasomaji wangu, neno "mfereji" lina maana mbili hapa Kenya. Kule Mwea, Kirinyaga, mfereji ni njia ya maji iliyochimbwa kwenda kwenye mashamba ya mpunga. Hapa Nairobi, ukiwa Kawangware au Kibera, mfereji ni bomba unalopangia foleni ukiwa na mtungi wako wa lita 20. Leo nataka tuangalie historia ya picha za setilaiti kupitia mifereji hiyo miwili.

Tuanze mwanzo. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Hiyo ilichunguza eksirei kutoka kwenye nyota, haikutazama ardhi. Kazi ya kupiga picha za ardhi mfululizo ilianza na Landsat 1 ya Marekani, Julai 1972. Mwaka 1975 kikaanzishwa hapa Nairobi kituo cha kikanda cha ramani, ambacho leo tunakijua kama RCMRD.

Pikseli moja ya Landsat 1 ilifunika takriban mita 80 kwa 80. Kuanzia Landsat 4, mwaka 1982, ikawa mita 30. Kwa mkulima wa Mwea hiyo inatosha. Mmea wenye afya hunyonya mwanga mwekundu na kuurudisha mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Tarakilishi hulinganisha hizo mbili na kutoa namba. Je, mfereji uliokarabatiwa unafanya kazi? Chukua picha za msimu uleule, kabla na baada ya ukarabati, kisha linganisha mashamba ya mwanzo wa mfereji na yale ya mwisho. Wa mwisho ndiye hukosa maji kwanza. Shamba lake likikijani kama la jirani wa juu, na mvua haikuzidi ya kawaida, maji yamemfikia. Tangu 2008 picha za Landsat ni za bure, kwa hiyo yeyote mwenye intaneti anaweza kuukagua mradi wa serikali.

Sasa njooni Kibera. Mtaro wa majitaka kati ya nyumba mbili unaweza kuwa na upana wa hatua moja tu. Ndani ya pikseli ya mita 30 kuna mtaro, kioski, choo na mabati ya familia nyingi, vyote vimesagwa kuwa rangi moja. Mwaka 1999 ilikuja IKONOS, yenye pikseli ya mita 1, na paa moja moja zikaanza kuonekana. Lakini bati halisemi ni watu wangapi wanalala chini yake. Kwa miaka mingi ilitajwa kwamba Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ilihesabu takriban 170,000.

Mwaka huohuo, Novemba, vijana wa Kibera walishika vifaa vya GPS na kutembea kichochoro kwa kichochoro. Mradi huo, Map Kibera, ulianzishwa na Erica Hagen na Mikel Maron. Kwenye ramani za mtandaoni Kibera ilikuwa karibu doa tupu. Vijana wakaweka mifereji, vyoo, zahanati na shule kwenye OpenStreetMap, ramani huria ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Picha ya angani iliwapa paa, miguu yao ikaleta majina.

Haya si mambo ya wataalamu peke yao. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilipofurika Nairobi, nyumba nyingi kando ya mito zilibomolewa kwa amri ya serikali. Mstari ukichorwa juu ya ramani, asiyekuwa kwenye ramani hana cha kuonyesha.

Mimi ni mwandishi wa programu, na najua raha ya kutaka tarakilishi itoe jibu lote. Kwa Mwea inakaribia. Kwa Kawangware, programu inaweza kuhesabu mabati usiku kucha, lakini haitajua mfereji upi umekauka tangu Jumatatu. Hilo anajua mama aliye kwenye foleni. Kwa hiyo ukiunda ramani ya mtaa, anza na picha, halafu umuulize yeye.