Mwandishi, Msimulizi na Sheria: Mfano wa Ugogo

Katika kurasa za mwanzo za vitabu vyetu vingi mna sentensi fupi isemayo kwamba haki zote zimehifadhiwa. Nimesoma vitabu tangu utoto wangu, na kwa miaka mingi nimefundisha fasihi hapa Dodoma, walakini sikupata hata siku moja kujiuliza haki hizo ni zipi, wala ni za nani. Niliamshwa na hasara. Kitabu changu cha kwanza kilipigwa chapa mara ya pili nami nisipate hata senti. Na nilipouliza, nilionyeshwa mkataba wenye saini yangu mwenyewe. Nilikuwa nimetoa haki zote, kwa muda wote, kwa malipo ya mara moja. Basi nikaenda kusoma sheria, nikitumaini kupata silaha ya kujitetea.

Haki ya mwandishi si jambo la kale sana. Huko Uingereza, ni sheria ya Malkia Anne ya mwaka 1710 iliyompa mtunzi mamlaka juu ya kitabu chake kipya kwa miaka 14, na 14 mingine ikiwa yu hai bado. Mkataba wa Berne wa 1886 ukayafunga mataifa yaheshimu kazi za waandishi wa wenzao. Kwetu, Sheria ya Hakimiliki ilitungwa mwaka 1966. Tanzania ikaingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1994. Na mwaka 1999 ikapatikana sheria mpya ya Tanzania Bara, iliyounda pia COSOTA. Zanzibar ilitunga yake mwaka 2003.

Katika sheria hiyo ya 1999 nilijifunza kwamba haki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe. Mtunzi halazimiki kuisajili ili iwe yake. Usajili humsaidia kwa ushahidi tu. Haki ya kufaidika na kazi humfuata maisha yake yote, kisha huwafuata warithi wake kwa miaka 50. Aweza kumhamishia mtu mwingine haki hiyo kwa maandishi, na hapo ndipo niliponaswa. Sheria haikunidhulumu, mimi ndimi niliyetia saini bila kusoma.

Tutazame mfano wa mtu wa hapa hapa. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa 1917 na kufariki 1969, aliandika historia, mila na desturi za Wagogo, na kitabu chake kikatolewa na East African Literature Bureau mwaka 1954. Shirika hilo lilikoma pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Hivyo mchapishaji aweza kufa na haki ya mtunzi ikabaki hai. Hata kwa kipimo kirefu cha sheria ya 1999, miaka 50 baada ya kifo chake ilitimia mwisho wa 2019. Kitabu hicho sasa ni mali ya umma. Lakini tafsiri yake ya Kiingereza, iliyofanywa na Gregory Maddox na kutolewa 1995, ni kazi ya mtu mwingine, nayo ina ulinzi wake. Tena Mnyampala ndiye aliyeistawisha ngonjera hata ikaingia mashuleni nchi nzima. Hakuna aliyehitaji idhini yake ili kutunga ngonjera, kwa kuwa sheria hailindi wazo wala umbo. Hulinda maneno yaliyotungwa.

Nilipofika hapo nilisita, maana nilikumbuka muswada uliokuwa mezani kwangu. Kwa misimu mitatu ya kiangazi nilikuwa nimezunguka vijiji vya Ugogo nikikusanya habari za Mtunya, njaa kuu ya miaka ya 1917 hadi 1920, wakati majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipochukua nafaka, mifugo na wapagazi, kisha mvua nayo ikakosa. Mzee mmoja aliniimbia kwa zeze wimbo alioutunga mwenyewe kwa masimulizi ya mama yake. Niliuandika wote, nikautafsiri, na chini yake nikaweka maneno matatu: wimbo wa Kigogo. Jina langu lilikuwa juu ya jalada.

Nilidhani kwamba lisiloandikwa halina mwenyewe. Sheria yasema vingine: kazi hulindwa kwa kule kutungwa tu, kwa namna yoyote iliyodhihirishwa, hata kwa mdomo. Habari ya njaa si mali ya mtu. Nyimbo za jadi, ambazo mtunzi wake hajulikani, zimewekewa sehemu yake katika sheria hiyo hiyo, zisitumiwe kibiashara nje ya mazingira yake pasipo ruhusa. Bali wimbo ule ulikuwa wa mzee yule, kama kitabu changu kilivyokuwa changu. Nilikwenda sheriani kama mdai, nikajikuta mdaiwa.

Nilirudi kijijini. Baada ya kuamkiana nikamwambia, "Babu, nimekosa. Wimbo wako nimeuita wa watu wote."

Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, wa watu wote ni ule alioimba bibi yangu. Huu ni wangu. Hata watoto hapa wanajua." Akauliza kama katika karatasi niliyoileta mna mahali pa jina lake, na pa wanawe akifa. Nikamsomea yote, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili na kwa Kigogo, mjukuu wake akisikiliza. Mimi sikusomewa hivyo siku ile nilipotia saini yangu.

Katika muswada sasa mna jina lake, na sehemu ya malipo imeandikwa kwake na kwa warithi wake. Nyimbo nne nyingine nimeziondoa mpaka niwapate wenyewe au jamaa zao. Kitabu kitachelewa. Enyi wanafunzi mnaokwenda vijijini na vinasa sauti, ulizeni jina la mtunzi kabla ya kuuliza maana ya wimbo.